Baba mkwe anakata mikia ya kondoo wangu kwa kisu cha kuchinjia

Daktari, pokea salamu kutoka Turi, Kaunti ya Nakuru.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mume wangu anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Zamu yangu ya chama ilipofika nilinunua kondoo majike sita, machotara wa Red Maasai na Dorper. Wanalala zizi moja na kondoo wa baba mkwe, wale wa sufu, kwa kuwa boma letu ni dogo na mchungaji ni mmoja.

Wanne wamezaa, mmoja wao mapacha, na wawili wako karibu. Shida ni mikia. Mzee alifanya kazi ujanani katika shamba kubwa la kondoo upande wa Molo, na kwake kondoo mwenye mkia ni kondoo ambaye kazi yake haijamalizwa. Juzi nikiwa Elburgon kuuza viazi, alimwita yule kijana wa mifugo wakawakata watoto wote watano, na walikuwa wanakaribia miezi mitatu. Kisu ni kile cha kuchinjia, na gogo ni lile la kupasulia kuni. Walikata karibu kabisa na mwili, kisha wakapaka jivu lililochanganywa na oili chafu ya trekta. Niliporudi nilikuta damu mpaka mlangoni pa zizi na mikia mitano ndani ya karai, maana mzee hupenda kuichoma.

Baada ya kama wiki moja, mmoja alianza kutembea kama aliyekanyaga misumari. Miguu imekakamaa, masikio yamesimama, mdomo haufunguki hata kwa titi la mamake. Mtu akigonga mabati, anaanguka kwa ubavu na kutetemeka. Akafa. Wa pili alipoanza hivyo hivyo, mzee akasema tumchinje mapema tusile hasara mara mbili. Nikakataa, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Mama mkwe naye anasema ni macho ya watu, kwa sababu kondoo wangu walikuwa wanasifiwa sana. Huyo wa pili naye alikufa. Wamebaki watatu, na mmoja kidonda kinanuka. Jana nimeona funza.

Nikimuuliza mzee sababu, ananipa tatu: mkia unanyonya mafuta kondoo asinenepe, dume anashindwa kumpanda jike mwenye mkia, na mkia ukichafuka kwa kuhara nzi hutaga hapo. Hiyo ya mwisho siwezi kuibisha. Mwaka jana kondoo wake mmoja wa sufu aliliwa na funza mpaka nyama ikaonekana. Na wangu pia huhara, hasa mvua ikikolea na kijana akiwamwagia majani ya kabeji. Tena dalali mmoja aliniambia kwamba Dorper mwenye mkia hana bei.

Mume wangu nikimpigia simu anasema nifuate anavyotaka mzee, yeye ndiye anayejua kondoo. Je, ni lazima wakatwe? Na kama si lazima, nitamwambiaje mzee wa watu bila kuitwa mkaza mwana mwenye mdomo?

Mkaza Mwana, Turi

JIBU

Mkaza Mwana, yule mwenye funza hawezi kungoja, kwa hiyo tuanze naye kabla hujasoma mengine. Mshike mahali penye mwanga, mnyoe manyoya yote yanayozunguka kidonda, utoe funza kwa kibanio mmoja mmoja, halafu uoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kaushe, kisha upulizie dawa ya vidonda yenye uwezo wa kuua funza. Muuzaji yeyote wa duka la dawa za mifugo hapo Molo anaijua. Kesho urudi uangalie tena, kwa sababu mayai ya nzi huanguliwa ndani ya siku moja na wale usiowaona leo watakuwa wamenona kesho. Kisha mpigie daktari wa mifugo wa wadi yenu aje awadunge wote watatu kinga ya pepopunda, na huyo mgonjwa ampe na dawa ya kuua bakteria. Usiseme wawili wako salama kwa kuwa wanaruka ruka. Pepopunda inaweza kujificha hadi wiki tatu baada ya kidonda kabla ya kujionyesha.

Nimeshalitaja jina lake. Hao wawili hawakuuawa na macho ya mtu. Miguu kukakamaa, masikio kusimama, taya kufunga, kushtuka kwa kelele ndogo: hiyo ni pepopunda, na mama mkwe akitaka, daktari atamweleza hivyo hivyo. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi kwa miaka mingi bila kufa. Gogo la kuni na kisu cha kuchinjia viliviingiza ndani ya nyama, kisha jivu na oili vikaziba kidonda juu. Vijidudu hivi hustawi mahali pasipo na hewa, kwa hiyo ile dawa ya mzee iliwatengenezea chumba na kuwafungia mlango. Oili chafu isipakwe tena kwenye kidonda chochote, cha mnyama wala cha mtu.

Ulifanya vyema kukataa asichinjwe. Mnyama aliyekwisha kukakamaa hivyo hafai kuliwa, na mkaguzi wa nyama hawezi kumpiga muhuri. Lakini nikuambie na upande wa pili. Mwanakondoo aliyefunga taya karibu kila mara hufa, na hufa kwa kushindwa kupumua, hali wala hanywi, akiwa na akili zake zote. Akitokea mwingine, mwite daktari siku hiyo hiyo, na akikuambia hakuna tumaini, mruhusu amlaze kwa sindano. Kumwacha zizini siku tatu "tuone Mungu atafanya nini" si huruma.

Sasa swali lako. Kwa kondoo ulio nao, hapana, si lazima, na ningekuwa mimi nisingewakata. Kwa kondoo wa mzee, ana hoja. Ugomvi wenu umekuja kwa sababu zizi ni moja na kondoo ni wa aina mbili.

Kondoo wa sufu, kama Corriedale na Merino ambao wazungu walijaza huko Molo na Njoro, ana mkia mrefu uliojaa sufu hadi nchani. Akihara kidogo tu, kinyesi hushika sufu, hukauka kikawa vidonge, chini yake ngozi hubaki na unyevu na kuanza kuoza, na nzi huisikia harufu hiyo kutoka mbali. Anataga, na funza wanaanza kula mnyama akiwa hai. Ulimwona mwenyewe. Ndiyo maana nchi zenye kondoo wengi wa sufu hukata mikia, na mzee alijifunza kwa watu waliokuwa na sababu. Red Maasai hana sufu ya namna hiyo, ana nywele. Dorper nywele zimechanganyika na sufu kidogo ambayo nyingi hudondoka yenyewe. Chotara wako anaweza kuchafuka, lakini hashiki uchafu kama yule wa sufu.

Zaidi ya hapo, mkia wa Red Maasai ni ghala. Mafuta yaliyo mle ndiyo anayoyatumia kiangazi kikipiga na jike akinyonyesha. Kuukata akiwa na miezi mitatu ni kukata nyama nene yenye mishipa mikubwa ya damu, si uzi. Damu uliyoiona mlangoni ilitoka huko. Na mkia una kazi nyingine ambazo hatuzitazami: hufunika uke na njia ya haja dhidi ya jua, baridi na nzi. Siku moja mtazame mwanakondoo akinyonya. Mkia unachezacheza mfululizo, na mama anageuza shingo kumnusa papo hapo chini ya mkia, ndivyo anavyojua kwamba huyu ni wake.

Ile hoja ya kupanda nitaipita haraka. Dume aliyezaliwa miongoni mwa kondoo wenye mikia minene anajua kuusukuma pembeni. Dume wa aina yenye mkia mwembamba anaweza kuhangaika kwa jike mwenye mkia mnene sana, hilo ni kweli. Lakini wako ni machotara na wamezaa wanne kati ya sita huku wawili wakiwa njiani. Dume wenu anaonekana hajalalamika.

Ya kunenepa ndiyo inayoniudhi, kwa kuwa inawafanya watu waache kutafuta sababu yenyewe. Ukikata mkia, mafuta ambayo yangewekwa mle yatakwenda mahali pengine mwilini. Kilo hazizaliwi na kisu. Kondoo akikonda Nakuru huku nyasi zikiwa mpaka magotini, mimi huuliza minyoo kwanza, halafu huuliza chumvi. Udongo wa sehemu nyingi za Nakuru hauna kobalti ya kutosha, na wafugaji wa zamani waliona ng'ombe na kondoo wakidhoofika kwenye malisho mazuri mpaka ugonjwa huo ukapewa jina la Nakuru yenyewe: Nakuruitis. Kondoo anahitaji kobalti ili vijidudu vya tumboni mwake vitengeneze vitamini B12. Nunua chumvi ya mifugo iliyoandikwa kobalti kwenye pakiti, si ile chumvi ya jikoni. Muulize mzee kama kule shamba kubwa walikuwa wanalambisha chumvi gani. Nina hakika hawakuwa wanategemea kisu peke yake.

Sasa kuhara. Hapa ndipo pesa yako itakapofanya kazi, maana mkia mchafu ni dalili tu. Umenitajia majani ya kabeji. Kondoo akila kabeji nyingi tumbo likiwa tupu, au akitolewa kwenye nyasi kavu na kuingizwa ghafla kwenye nyasi changa za mvua, atahara hata kama hana mnyoo mmoja. Mwambie kijana awape nyasi kavu au majani makavu ya mahindi kwanza, kabeji ije baadaye na iwe kidogo. Wanakondoo wa umri wa wiki chache wakihara, tena kwa damu, hiyo mara nyingi ni koksidia, yaani vimelea vidogo sana vya utumbo ambavyo si minyoo, na dawa ya kawaida ya minyoo haitibu koksidia. Wakubwa wakihara, kusanya kinyesi kibichi kutoka kwa kondoo kadhaa, kiweke kwenye mfuko safi, ukipeleke kipimwe kwenye maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo mjini Nakuru, au umpe daktari akupelekee. Utajua ni minyoo gani na kama ni wengi.

Kuna mnyoo mmoja ambaye haharishi, na huyo ndiye muuaji. Ananyonya damu tumboni. Kumkamata, vuta ukope wa chini wa kondoo uangalie ndani: ukiwa mwekundu kama ndani ya mdomo wako, mwache, ukiwa mweupe kama karatasi, mpe dawa leo. Anaweza pia kuvimba chini ya taya. Kwa bahati Red Maasai ni hodari dhidi yake. Watafiti waliwalinganisha na Dorper kule Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990, na Red Maasai wakastahimili mnyoo huyo vizuri zaidi. Damu hiyo iko ndani ya machotara wako, kwa hiyo usiuze majike yako ukanunua Dorper watupu kwa sababu dalali amesema.

Kuhusu dawa ya minyoo, acheni kukadiria kwa macho. Mpimeni kondoo kwa mizani hata ya kupimia gunia la viazi. Dawa pungufu haiui mnyoo, inamfundisha kuizoea.

Wakati huohuo, kila mvua inapokaribia kukolea, chukua mkasi mnyoe sehemu ya nyuma: chini ya mkia, pande zote mbili na mapajani. Kwa kondoo sita ni kazi ya asubuhi moja. Wa mzee wanyolewe pia, wenye mkia na wasio na mkia.

Mzee ataendelea kukata wake, na sioni haja ya kumzuia. Haja yangu ni akate vizuri. Umri ni jambo la kwanza: mwanakondoo akishashiba maziwa ya kwanza ya mamake na kukaa siku moja au mbili, hadi siku saba. Huko Uingereza, mpira wa kukata mkia bila ganzi hauruhusiwi baada ya siku saba za kwanza, na lazima ibaki mkia wa kutosha kufunika uke wa jike na njia ya haja ya dume. Mpira wenyewe ni pete ndogo, nene, ya kubana mkia, na unauzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo pamoja na koleo lake. Ni uleule wanaotumia kuhasi. Mnyama akishapita umri huo, mpira au kisu ni kazi ya daktari mwenye ganzi.

Mshikaji akae kwenye nyasi safi nje ya zizi, asubuhi kavu yenye baridi wakati nzi bado wamelala, ampakate mwanakondoo mgongo ukiwa kifuani pake. Ageuze mkia juu aangalie upande wa chini. Ataona mikunjo miwili ya ngozi isiyo na manyoya inayounganisha mkia na mwili. Mpira ukae pale mikunjo hiyo inapoishia, kati ya pingili na pingili, kamwe usikae juu yake. Wenye haraka hukata karibu na mwili kama walivyokatwa wako, na baadaye misuli ya hapo hulegea, utumbo wa nyuma huchomoza nje kondoo akikohoa au akizaa. Waangalie sana hao watatu kwa jambo hilo wakikua, na wakionyesha dalili usiwafanye wa kuzalisha.

Mpira nao unauma, tusidanganyane. Utamwona analala, anainuka, anapiga teke, anajipinda kutazama nyuma, kwa saa moja au zaidi. Daktari anaweza kumdunga ganzi hapo mkiani kabla, na dawa ya maumivu yenye kukaa muda. Mkia utakauka na kuanguka baada ya wiki mbili hadi nne. Msiukate kwa kisu kuharakisha, na mpakeni ayodini mpira ukianza kuchimba.

Na pepopunda haikimbii mpira. Ile nyama inayokufa chini yake ni mahali pazuri kwake pia. Dawa ni kuwachanja majike kabla ya kuzaa, chanjo ya pili ikiwa kama mwezi mmoja kabla, ili watoto wanywe kinga kwenye maziwa ya kwanza. Kwa jike ambaye hajawahi kuchanjwa zinahitajika mbili, zikipishana wiki nne hadi sita, kisha moja kila mwaka. Wako wawili wanakaribia kuzaa, kwa hiyo wamechelewa. Watoto wao, iwapo mtu atawagusa kwa mpira au wakipata kidonda chochote, wadungwe kinga ya papo kwa papo siku ileile. Usikubali mtu akuambie kwamba kondoo walichanjwa na kaunti kwa hiyo yameisha. Chanjo ya kimeta na chambavu haizuii pepopunda.

Tuje kwa mzee. Tunayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayokataza kumtesa mnyama bila sababu. Naitaja uijue, si umtishie nayo baba wa mumeo. Ukimpeleka baba mkwe kwa chifu kwa ajili ya mikia, hata ukishinda huna pa kulala.

Mimi ningemwendea jioni ameshakunywa chai, kijana wa mifugo asiwepo, wala wajukuu. Anza na pole kwa hao wawili, maana na yeye amepoteza uso hata kama hasemi. Halafu muulize akufundishe: "Baba, kule shamba kubwa mlikuwa mnakata wakiwa na umri gani? Mlitumia nini? Nani alikuwa anadunga sindano?" Sidhani atakujibu miezi mitatu, wala gogo la kuni. Mwache aseme mwenyewe. Akishasema, mwombe mambo mawili tu: watoto wa kondoo wako wasiguswe bila wewe kuwepo, na daktari aje siku ambayo wake watawekwa mpira, gharama mgawane. Watie wako alama ya rangi sikioni au mgongoni, kijana asije akasema hakujua ni wa nani.

Mumeo ana kazi moja, nayo si kukuambia ufuate mzee. Apige simu kwa babake, si kwako, aseme kwamba kondoo wale ni wa chama cha mkewe na hasara ya wawili imemfikia. Neno hilo kutoka kwa mwanawe ni jepesi kwa mzee kuliko kutoka kwako. Na atume pesa ya daktari wiki hii, mwisho wa mwezi ni mbali kwa mwenye funza.

Dalali wako amekuambia nusu. Anayenunua dume la Dorper la kuzalisha huweza kudai mkia mfupi kwa kuwa ndivyo alivyozoea kuwaona. Anayenunua wa kuchinja hukamata mgongo na kiuno kwa vidole, atafute nyama hapo, na kwa chotara mwenye mkia mnene wapo wanaoongeza pesa kwa ajili ya yale mafuta. Muulize mzee anayeichoma.